Ya Katriji au ya Tenki

Mwanangu alinipigia simu mchana, mie nikiwa napachika zipu kwenye sketi ya shule ya watu, akaniuliza: "Mama, tununue printa ya katriji au ya tenki?"

Hakuna umeshindaje, hakuna mguu unaendeleaje. Haraka hiyo kairithi kwa baba yake. Yuko Katavi, anafundisha sekondari moja ambayo ukishuka kwenye basi kubwa bado unapanda pikipiki. Kamati ya shule imekubali inunuliwe printa, na mkuu wa shule kamwambia achague yeye kwa kuwa ndiye pekee aliyewahi kuwa nayo nyumbani. Na yeye, badala ya kuchagua, anampigia mama yake, fundi cherehani wa Mtoni, elimu yangu darasa la saba.

"Tangu lini nikawa fundi wa printa mie?"

"Si wewe uliyenichagulia ile ya kwanza?"

"Niache nimalize sketi. Nipigie baada ya alasiri."

Nikakata. Na sketi sikuimaliza, wallahi. Nilikaa nimeishika mapajani nikitazama ukuta.

Maana nilikuwa naelewa ninachoulizwa. Printa ya katriji ni ya mtu anayepita. Nyepesi, wino wake umefungiwa kwenye kikopo kidogo, ukiisha unanunua kikopo kingine, na siku ukihama unamwachia mwenzio bila kuumia. Ya tenki ni ya mtu aliyetulia. Unaimiminia wino wa chupa, inachapa muhula mzima, lakini inataka mwenyewe awe jirani nayo, kwa sababu ikilala bila kazi wino unakauka ndani na mashine inakuwa pambo. Nami tangu mwanangu aondoke namwomba Mungu kitu kimoja tu, kwamba aombe uhamisho arudi Dar. Kwa hiyo msinione mtu mzima nimekaa na sketi mapajani mkadhani nafikiria wino.

Turudi nyuma kidogo. Mtoto huyu alipomaliza ualimu alikaa mtaani akisubiri ajira, kama walivyokaa wenzake wengi. Majina yanatoka, lake halimo. Yanatoka tena, halimo. Hakuwa mtu wa kukaa na kulialia, akaanzisha twisheni hapa kibarazani kwangu. Mie upande huu na cherehani, yeye upande ule na ubao wake, watoto wa mtaa katikati wamekaa kwenye mkeka. Mitihani yao alikuwa anakwenda kuichapisha steshenari ya kule barabara ya Kilwa, anapanga foleni mpaka miguu inawaka, anarudi kanuna, karatasi zimefifia, namba tisa huijui na namba nne huijui. Siku moja akazitupa kitandani akasema, "Ningekuwa na printa yangu mie!"

Ee! Hapo hapo nikadaka.

Sitawaficha, mitihani haikunihusu. Nilipiga hesabu za mama. Akiwa na printa atafungua kasteshenari hapa kibarazani, wateja watamzoea, kazi itamshika miguu, na ajira hata ikija ataiona ya nini tena. Mtoto nimezaa mmoja, wa kike. Baba yake alitangulia mbele ya haki huyu akiwa bado anaandika herufi kichwa chini miguu juu. Nyumba hii tumeishi wawili, tumegombana wawili, na tukishanuniana hakuna wa tatu wa kutupatanisha, inabidi mmoja aanze kucheka. Nilitaka abaki. Ndiyo hivyo, nimesema.

Tukaanza kutafuta. Jamaa mmoja hapa Mtoni alikuwa anauza printa za mtumba, zile kubwa za wino wa unga, akaapa kwamba hizo hazifi. Akaiwasha tuione. Taa za duka zikafifia, feni ikapunguza mwendo.

"Braza, hii printa au mashine ya kusaga?" nikamuuliza. "Umeme nanunua mie, hainunui serikali."

Mwanangu akanivuta mkono tutoke, huku kaziba mdomo anacheka. Tukakubaliana tunataka ya wino wa maji, ambayo hainywi umeme na inatoa rangi. Tukaelekezwa Kariakoo, kwenye duka la mama mmoja wa Kihindi ambaye watu walisema hauzi kwa kudanganya. Siku ya kwanza tulilikuta limefungwa. Wa duka la pili akatuambia wenyewe ni Washia, wako kwenye msiba wao wa Muharramu, hawafungui mpaka Ashura ipite. Tukarudi nyumbani mikono mitupu, nami moyoni nilifurahi, kwa sababu tulipata siku nyingine ya kutoka wawili.

Tuliporudi dukani baada ya Ashura tulimkuta. Mama wa makamo, kavaa baibui jeusi, Kiswahili chake cha Kariakoo hasa, anakula maneno kuliko mie. Akazitoa mbili akaziweka kaunta, ya katriji na ya tenki. Akauliza swali moja tu.

"Mtakuwa mnachapa kila siku au mara moja moja?"

"Kila siku," nikasema mie.

"Mara moja moja," akasema mwanangu.

Tulisema kwa pamoja. Yule mama akatutazama, huyu kisha huyu, akacheka mpaka akashika kaunta. "Hebu nendeni nje mkapatane kwanza. Mie siuzi kesi."

Tukatoka. Tukasimama kwenye kivuli cha duka, watu wanatupiga vikumbo na mizigo yao, sie tunagombana kwa kunong'ona.

"Mama, nikipata ajira hiyo ya tenki nani ataitumia? Itakauka."

"Kwani ajira imekuja? Nauliza, imekuja?"

"Kwa hiyo unaniombea nisipate?"

"Nani kasema hivyo?"

"Sura yako inasema."

Nikageuza sura nikaangalia ndoo za plastiki za jirani. Alhamisi kwa Alhamisi wanawake wa mtaani kwetu walikuwa wanakuja kibarazani kusoma Yasini huyu mtoto apate kazi, na mie ndiye niliyekuwa nawapikia chai. Kwa mdomo nilikuwa naitikia amina. Moyo ulikuwa unaomba dua yake peke yake.

Tuliporudi ndani yule mama alitueleza vizuri, bila kutubeba huku wala kule. Akatuchapia picha ileile kwenye mashine zote mbili, ua jekundu na majani, tukaona hazipishani sana. Akasema ya katriji inaanza kwa urahisi na inakuja kukusumbua baadaye, ya tenki inakuumiza mfukoni siku ya kwanza tu. "Lakini hii ya tenki usiiache ikalala," akasema. "Kila wiki chapa japo ukurasa mmoja wenye rangi zote. Ukisafiri, mwachie mtu."

Mwanangu akaitazama ya katriji, akanitazama mie. "Chukua unayotaka, mama," akasema. Akasema taratibu, kwa ile sauti anayotumia akinihurumia, nami kwa tamaa yangu nikajifanya sikuisikia.

Tukabeba ya tenki.

Miezi ile! Wino wa kwanza niliumimina mie, kwa sababu mkono wangu umezoea kutunga uzi kwenye sindano na hautetemeki. Nyeusi, buluu, nyekundu ile ya waridi, njano. Yeye anasoma kijitabu cha maelezo, mie namimina, ananipigia kelele nisimwage, na alipopiga kelele ndipo nilipomwaga. Kidole changu kilikaa cha waridi mpaka wateja wa nguo wakaniuliza kama nina harusi.

Kazi zilikuja kweli. Mitihani ya twisheni, kadi za kuomba mchango wa harusi, matangazo ya maulidi, picha za watoto wanaoanza shule. Picha zikitoka alizitandaza kwenye meza yangu ya kupigia pasi zikauke, na mie nisiyesikia nikipeleka mkono tu, "Mama! Bado mbichi!" Jioni cherehani inalia huku, printa inalia kule, ikimaliza ukurasa inavuta mwingine, na yeye anaimba wimbo asioujua maneno, anarudia mstari uleule mpaka namwambia nyamaza au ujifunze. Hakunyamaza na hakujifunza. Sikuwa na kitu kingine nilichokuwa nakitaka duniani.

Kisha majina yakatoka na lake likawamo.

Alisoma kwenye simu, amesimama mlangoni. Hakupiga kelele. Akasema tu, "Mama, nimepata. Katavi."

Wa kupiga kelele alikuwa jirani yangu wa nyumba ya pili, shoga yangu wa miaka na miaka, ambaye masikio yake hayana ukuta. Vigelegele alivyopiga vilitoa watu majumbani. "Dua imepokelewa! Jamani dua imepokelewa!"

Nikamshika mkono nikamvuta uani. "Tulisahau kutaja mkoa," nikamwambia.

"Nini?"

"Kwenye dua. Yasini zote zile, tumeomba ajira, ajira, ajira. Hakuna aliyesema Temeke."

Akanitazama kama nimepandisha pepo. "Shoga, yaani Mungu umwandikie na mtaa?"

Na kwetu ndivyo ilivyo, dua ikijibiwa unapika ubwabwa wa shukrani. Walewale waliosoma wakaja kula. Nikasimama kwenye sufuria kubwa uani, nageuza wali wa kushukuru kitu nisichokitaka, machozi yanadondoka, na kila anayepita ananipiga bega: "Lia tu mama mwalimu, lia, furaha nayo ina machozi yake." Nikalia kwa ruhusa yao.

Jioni ile alikaa kwenye printa kuchapa nakala za vyeti vyake, maana kule wanataka nakala ya kila kitu. Nilisimama nyuma yake. Karatasi zikawa zinatoka moja moja, maandishi meusi, safi, hata moja haikukwama. Siku zote ilikuwa inatafuna karatasi, siku hiyo ikawa mtoto wa adabu. Hasidi mkubwa!

Akaenda. Akaniachia printa na mafunzo ya kuchapa kwa simu.

Nilijitahidi, msidhani sikujitahidi. Wiki za mwanzo nilikuwa nachapa picha yoyote inayonijia kwenye simu, mradi iwe na rangi zote. Kisha kazi za shule zikanibana, sare zikajaa kibarazani, wiki ikapita, ikapita ya pili. Siku nilipoiwasha ikatoa mistari. Buluu ikagoma kabisa. Nikaizima, nikaifunika kitenge. Watoto wa twisheni waliendelea kupita wakiuliza mwalimu anarudi lini, nami nilikuwa nawajibu kwa ukali, masikini, kumbe ni swali langu mwenyewe.

Kila nikimpigia namuuliza, "Uhamisho vipi?" Kila nikimuuliza anajibu, "Nashughulikia, mama." Anashughulikia. Nikawa namhesabia watu walioshughulikia wakarudi: mtoto wa fulani karudi Chamazi, mtoto wa fulani kapata Kunduchi, na wote walianza nyuma yake. Anasema, "Hongera zao."

Likizo alikuja. Nilikuwa nimejiandaa kumkuta kakonda ili nipate pa kuanzia ugomvi. Kanenepa! Ngozi inang'aa, kajifunza kupika samaki wa kule kwa nyanya nyingi na mawese. Akaifunua printa, akanitazama, akaikalia asubuhi nzima kuisafisha kwa maji ya uvuguvugu mpaka buluu ikarudi. Huku anaisafisha ananisimulia wanafunzi wake. Mitihani anaiandika ubaoni, darasa limejaa, wa nyuma hawaoni, kwa hiyo wanatuma mwenzao anakwenda mbele kusoma anarudi kuwanong'oneza, na anayetumwa ndiye anayefeli kwa sababu muda wake wote umeishia njiani. Alikuwa anawacheka, lakini macho yalikuwa hayapo hapa Mtoni. Kisha akatazama nje akasema, "Kwetu mvua zitakuwa zimeanza."

Kwetu. Nilikuwa nakata kitambaa, mkasi ukaenda upande. Sikumuuliza kwetu wapi. Usiku tulilala kitanda kimoja kama zamani, nikamsikiliza anavyopumua, nikaona heri nisilale.

Sasa ndipo anaponipigia, ya katriji au ya tenki.

Shoga yangu alinikuta nimekaa vilevile na sketi. Nikamweleza. Yeye hafikirii mara mbili: "Mwambie ya katriji. Si unataka arudi? Akinunua kidude chepesi atakiacha huko siku yoyote. Ukimwambia ya tenki umemjengea nyumba."

Na mie nilishayapanga maneno. Nunua ya katriji mwanangu, ndogo, haina mambo, isikuchoshe. Yalikuwa matamu mdomoni. Na yeye angenisikiliza, maana mara ya kwanza alinisikiliza.

Ila nikifumba macho nawaona wale wa nyuma. Shule nzima, madarasa yote, mtihani kila mwezi, katriji moja si itaishia kidato cha kwanza? Na ikiisha aifuate wapi, apande pikipiki na basi kwa ajili ya kikopo? Chupa za wino zinakaa kabatini muhula mzima. Umeme wao wa sola, ya wino inauvumilia. Lilikuwa jambo la wazi kabisa, mtu yeyote angeliona. Nikimchagulia ya katriji sitakuwa nimemchagulia printa, nitakuwa nimemtegea mwanangu mtego na kuwanyima watoto wa watu karatasi ya mtihani. Nilikasirika. Sijui nilimkasirikia nani, lakini nilimfukuza shoga yangu akapike kwake.

Nikaswali alasiri. Nikakaa na simu. Ikaita.

"Eeh mama, umefikiria?"

"Ya tenki."

Nikadhani mtandao umekata.

"Umesikia? Ya tenki. Katriji huko utazipata wapi? Wino mnunue wa akiba, mtunze mbali na joto. Na likizo umwachie mtu aichape kila wiki, usifanye kama nilivyofanya mie."

"Mama," akasema.

"Nini?"

"Ipo hapa. Imekuja tangu juzi. Ni ya tenki."

"Sasa ulikuwa unaniuliza nini, mtoto we?"

Nilisikia anatembea, anafunga mlango. "Nilitaka uchague wewe," akasema. "Na uhamisho sijaomba, mama. Sijawahi kuomba. Kila nikitaka kukwambia naogopa."

Nilikuwa najua. Labda nilijua tangu ile siku ya mkasi. Lakini kujua mwenyewe na kuambiwa ni vitu viwili. Nikamtukana. Nikamwita mshenzi, mnafiki, mtoto asiye na huruma, yote nikayasema, naye akawa ananisikiliza analia, nami nikawa nalia, na katikati ya kulia akaanza kucheka, kwa sababu hakuna wa tatu wa kutupatanisha.

"Iko wapi hiyo printa?" nikamuuliza tulipochoka.

"Ofisini. Wanafunzi wamejaa dirishani wanaishangaa."

"Iwashe niisikie."

Akaweka simu karibu. Nikaisikia ikijiandaa, ikakohoa, ikavuta karatasi. Nyuma yake nikasikia watoto wengi wakipiga kelele, anawanyamazisha, hawanyamazi. Kisha nikamsikia anawaambia kwamba kwenye simu yuko mama yake, na kwamba yeye ndiye aliyeichagua.

"Shikamoo bibi!"

Walisema wote kwa pamoja, kwa sauti ya darasani, sijui wangapi, sijui sura zao. Wakarudia kwa nguvu zaidi, wakidhani bibi hasikii vizuri. Nikajifuta pua kwa ncha ya kanga.

"Marahaba," nikasema. "Marahaba, wajukuu zangu."